Nani Atampokea Mwanafunzi?

Mwaka 1331 jahazi moja lilitia nanga Mogadishu. Desturi ya bandari ile ilikuwa hivi: chombo kikifika, vijana wa mjini hukiendea kwa mashua ndogo, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa, na kila mmoja humpa sahani yake mfanyabiashara mmoja na kumtangaza kuwa mgeni wake. Tangu saa ile mfanyabiashara yule hulala kwa mwenyeji wake, na huuza na kununua kwa mkono wa mwenyeji wake. Kati ya abiria wa siku hiyo alikuwamo Ibn Battuta, aliyeaga kwao Tangier miaka sita nyuma akiwa na umri wa miaka 21. Kijana aliyemwendea aliambiwa na abiria wengine kwamba mtu huyu hana bidhaa, ni mwanachuoni wa fiqhi. Kijana akawapigia kelele wenzake kwamba, basi, huyu ni mgeni wa kadhi.

Kadhi, mtu wa asili ya Misri, alikuwa tayari ufukweni pamoja na wanafunzi wake. Alimweleza mgeni kwamba kwa mila ya mji ule mwanachuoni hafikii popote kabla ya kuonana na sultani. Wakaenda. Sultani akatoa tambuu na popoo na marashi ya waridi ya Damascus, kisha akaamuru mgeni apelekwe nyumba ya wanafunzi, iliyokwisha kutandikwa na kuwekwa kila kinachohitajika. Chakula kikaletwa huko huko: wali wa samli wenye kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, achari ya ndimu na pilipili, tangawizi mbichi, maembe. Siku ya Ijumaa akaletewa na nguo za kuendea msikitini.

Mtu wa Maghribi kufika pwani yetu si ajabu kubwa. Pepo za msimu zilileta watu wa kila namna. Linalonishangaza mimi ni ile nyumba. Mji wa bandari wa karne ya 14 ulikuwa na nyumba iliyotandikwa kwa ajili ya wanafunzi ambao hawajafika, ambao hakuna aliyejua majina yao, na ambao labda wasingerudi tena.

Mijadala yetu kuhusu uhamaji katika elimu humtazama msafiri: ari yake, ufadhili wake, viza yake, na siku hizi simu yake. Hata ule msemo maarufu wa kuifuata elimu hadi Uchina, ambao wataalamu wengi wa hadithi wanausema kuwa dhaifu, humhimiza anayekwenda na hausemi neno juu ya anayefikiwa. Hapa nitamwacha msafiri kando nimtazame mwenyeji. Nikiziweka pamoja mila za wanachuoni wa Kiislamu, mafundi wa Ulaya, watahiniwa wa China na wafugaji wa Iran na Usomali, naona umbali na chombo cha safari havikuzitofautisha sana. Zilitofautiana kwa nani aliyefungua mlango, alimfungulia nani, na gharama aliitoa mfuko gani.

Mila ya Kiislamu ndiyo iliyoandika zaidi kuhusu safari hii. Aliyetaka hadithi au fiqhi alimfuata mwalimu alipo, akakisoma kitabu mbele yake, akapewa ijaza: ruhusa ya mtu kwa mtu, yenye msururu wa majina unaorudi nyuma hadi kwa mtunzi. Ijaza ilimtambulisha mahali pengine, lakini ijaza hailiwi. Chakula kilitoka kwenye wakfu, yaani duka, shamba au nyumba ya kupangisha ambayo mwenyewe ameitoa kwa Mungu na kuelekeza pato lake lende wapi. Al-Azhar ya Cairo, iliyoanza karne ya 10, iliwaweka wanafunzi wageni katika riwaq, kumbi za kulala na kusomea zilizogawanywa kwa nchi watokako: Wamaghribi kwao, watu wa Sham kwao, Waturuki kwao. Waislamu wa Pembe ya Afrika walikuwa na riwaq ya Jabart. Kila riwaq ilikuwa na sheikh wake na mgao wake wa mikate.

Mwanahistoria Abd al-Rahman al-Jabarti, aliyezaliwa Cairo mwaka 1753 na kuandika habari alizojionea za Napoleon kuivamia Misri mwaka 1798, anabeba jina la huko. Babu yake wa mbali alikuja kutoka Pembe ya Afrika kusoma, na usheikh wa riwaq ya Jabart ukarithiwa katika ukoo wake. Waliokuja wageni wakawa wapokeaji wageni, kizazi baada ya kizazi. Ukitaka kupima kama elimu imempandisha mtu katika jamii, mshahara wake ni kipimo kimojawapo. Kipimo kingine, ambacho nadhani ni kizuri zaidi, ni kama siku hizi yeye ndiye anayegongewa mlango.

Kwetu pwani kazi ya riwaq ilifanywa zaidi na undugu. Sayyid Ahmad bin Sumayt alizaliwa Itsandra, Ngazidja, mwaka 1861, akawa kadhi wa Unguja na mmoja wa wanazuoni wakubwa wa bahari hii hadi alipofariki mwaka 1925. Katika ujana wake alikwenda Hadhramaut kwa masharifu wa ukoo wao, kisha Istanbul. Huko alifikia kwa Fadl bin Alawi, sharifu mwenye asili ya Hadhramaut aliyezaliwa Malabar, akafukuzwa India na Waingereza, na sasa alikuwa mtu wa heshima katika mji wa khalifa. Mkomoro anapokewa Istanbul na Mhindi, na wote wawili wanajiona wa nyumba moja. Nasaba na tarika ziliwafanyia kazi ya hoteli, ya benki na ya barua ya utambulisho. Asiyekuwa na nasaba hiyo alikuwa na njia nyembamba zaidi, na hilo nitalirudia tukifika Lamu.

Sasa tuvuke kwenda kwa watu wasiosoma vitabu. Katika nchi za Wajerumani fundi seremala, mwashi au mpaua mapaa alipomaliza uanagenzi alitakiwa kusafiri kabla ya kuruhusiwa kuwa fundi mkuu. Safari hiyo, iitwayo Walz, ingalipo kwa wachache. Msafiri hatakiwi kuwa na deni, ndoa wala mtoto, awe hajafika miaka 30, na kwa miaka 3 na siku 1 asikaribie kwao ndani ya kilomita 50. Havai nguo za kawaida: huvaa suruali pana nyeusi, kofia, kizibao chenye vifungo 8 kwa saa 8 za kazi na koti lenye vifungo 6 kwa siku 6 za juma. Simu ya mkononi hairuhusiwi. Wengi wanaoandika habari zake huishia kwenye mavazi, maana yanapendeza kwa picha.

Mimi navutiwa zaidi na kitu kingine walichokuwa nacho wazee wao. Kulikuwa na fani zilizojulikana kwa kutoa zawadi. Fundi wa fani hiyo akifika mji ambao hauna kazi, wenzake wa fani walimpa fedha kidogo, chakula na kitanda cha usiku mmoja, kisha akashika njia. Zilikuwapo pia fani zisizotoa, na zilijulikana hivyo hivyo. Kwa hiyo kijana alipochagua ufundi alikuwa pia anachagua atalala wapi miaka mitano baadaye, katika mji asioujua. Karne ya 19 serikali zikaingia kati: fundi akapewa kijitabu cha safari cha kugongwa mihuri kila mji, na polisi wakawa wanakisoma kwa makini kuliko mafundi. Bila shaka msomaji aliyewahi kusimama dirishani kwa maofisa uhamiaji na barua ya udahili mkononi anaijua hali hiyo.

Ufaransa ndiko walikoipa mapokezi sura ya mtu. Mafundi wa compagnonnage huzunguka nchi mji kwa mji, na katika kila mji huwa na nyumba yao. Anayeisimamia nyumba ni mwanamke, naye huitwa Mama. Yeye ndiye anayepanga vitanda, anayeuguza, anayemkumbusha fundi deni la chakula, na mafundi humwamkia kwa adabu maalumu. Agricol Perdiguier, seremala aliyezaliwa karibu na Avignon mwaka 1805, alitoa kitabu juu ya maisha hayo mwaka 1839, na mwaka 1848 akaingia bungeni. Alikiandika kwa uchungu kiasi, kwa sababu vyama vya mafundi vilikuwa vinachukiana. Wasafiri wawili wa vyama tofauti wakikutana barabarani waliulizana ni wa chama gani, na jibu likiwa baya walipigana kwa fimbo zao za safari hata kuuana. Nyumba inayokupokea kwa moyo mkunjufu inaweza kuwa hiyo hiyo inayokufundisha nani wa kumpiga.

Kisha kuna jambo ambalo UNESCO, ilipoiingiza mila hii katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2010, haikulitilia mkazo: kwa karne nyingi Mama alikuwa mwanamke na msafiri alikuwa mwanamume. Chama kikubwa cha mafundi hao kilikubali wasichana waingie safarini mwaka 2004 tu. Mwanamke aliwaandalia wengine kitanda, yeye hakuwa na pa kwenda. Ukisoma habari za Cairo na Hadhramaut kwa jicho hilo utaona vivyo hivyo, ila huko hata jina la Mama hawakumpa.

China ilikuwa na safari ya aina nyingine kabisa. Kila miaka mitatu watahiniwa waliokwisha kufaulu mitihani ya majimbo walikwenda Beijing kufanya mtihani wa ufalme, na wa kusini walikuwa na safari ya wiki kadhaa au miezi. Kufaulu kulimwinua mtu wa kijijini hadi kuwa ofisa wa dola, na ukoo wake wote pamoja naye. Dola ilisaidia usafiri; malazi yalitolewa na huiguan, nyumba za watu wa kwenu. Watu wa Shaoxing walikuwa na yao, watu wa Nanhai yao, na katika miaka ya mwisho ya utawala wa Qing mji ulikuwa umejaa nyumba za namna hiyo. Zililipiwa na maofisa na wafanyabiashara wa wilaya ile waliokwisha kufanikiwa mjini. Aliyefaulu mwaka huu alitarajiwa kumchangia atakayekuja baada ya miaka mitatu. Sijaona mfumo mwingine ambamo deni la mgeni limeandikwa waziwazi namna hii.

Nyumba hizo zilizaa mambo ambayo wajenzi wake hawakuyatazamia. Mwaka 1895 Kang Youwei, mtahiniwa wa Guangdong aliyefikia nyumba ya Nanhai, alitunga malalamiko ya kupinga mkataba na Japani na kuwakusanya watahiniwa wenzake waliokuwa mjini. Ukiwalaza vijana wenye akili pamoja, wakisubiri matokeo, watazungumza. Mtihani ulifutwa mwaka 1905 lakini nyumba zikabaki. Mwandishi Lu Xun aliishi katika nyumba ya Shaoxing kuanzia mwaka 1912 hadi 1919, na humo ndimo alimoandika hadithi yake ya mwaka 1918 inayohesabiwa kuwa mwanzo wa fasihi mpya ya Kichina. Elimu ile ya zamani ilipouawa, aliyeshika kalamu alikuwa amelala kwenye kitanda cha elimu hiyo hiyo.

Kwa hiyo Mchina hupokewa kwa sababu ya alikotoka, Mjerumani kwa sababu ya anachokijua kwa mikono yake, sharifu kwa sababu ya damu. Kila mlango una bawabu. Nikilazimika kuchagua nitaichagua Mogadishu, ambako swali lilikuwa moja tu, unajishughulisha na nini, na jibu lolote lilikuwa na mwenyeji wake: bidhaa una wakala, elimu una kadhi. Ingawa nakiri kwamba kuli aliyeshuka na jahazi lile hatumsomi popote.

Lamu inatupa kisa cha mlango uliobadilishwa kutoka ndani. Habib Saleh, sharifu wa Jamal al-Layl, alikuja kutoka Ngazidja akiwa kijana katika nusu ya pili ya karne ya 19 na kufikia kwa jamaa zake, kama ilivyokuwa ada. Waungwana wa Lamu walikuwa na misikiti yao, vyuo vyao na safu zao za kukaa. Yeye akaanza kufundisha watumwa, waliokuwa watumwa, na Wahadhrami maskini waliokuja kuuza maji na kubeba mizigo. Wakubwa hawakufurahi. Msikiti wa Riyadha na mahali pa wanafunzi kulala pembeni yake vilikua kutokana na darasa hilo, na sifa za Maulidi yake zikaenea pwani nzima mpaka Ngazidja alikotoka. Yeye mwenyewe alikuwa ameingia kwa mlango wa nasaba. Wanafunzi wake hawakuwa na nasaba ya kuonyesha, na hata hivyo wakaingia.

Mifano yote hadi hapa inamhamisha mwanafunzi. Wafugaji wanaliona jambo hilo la ajabu, maana wao wenyewe ndio wanaohama. Shule ndiyo iliyosimama na kuwasubiri. Serikali nyingi zimewajibu kwa bweni: mtoto aachwe mjini, mifugo iende. Mohammad Bahmanbeigi, Mqashqai wa kusini mwa Iran aliyezaliwa hemani na kufariki mwaka 2010, alijibu vingine. Tangu miaka ya 1950 alianzisha shule za hema, na mwaka 1957 likafunguliwa Shiraz jengo la kuwafunza walimu wanaotoka kwa wahamaji wenyewe. Mahema ya familia yalikuwa meusi, ya singa za mbuzi; hema la shule lilikuwa jeupe, likaonekana kutoka mbali. Kambi ikihama, hema jeupe nalo linakunjwa.

Angalia mapokezi yalivyopinduka. Hapa mgeni ni mwalimu, na wenyeji ni wazazi wa wanafunzi. Wao ndio wanaompa pa kulala, maziwa na mnyama wa kumbeba. Wasomali walikuwa wanaifanya kazi hiyo kabla ya serikali yoyote: mwalimu wa dugsi aliandamana na familia na mifugo yao, watoto wakaandika aya kwenye mbao kwa wino wa makaa, wakazifuta na kuandika tena, na mwalimu akalipwa kwa mifugo. Maktaba ya taifa ya Kenya ilipoanza mwaka 1996 kupeleka vitabu kwa ngamia huko Garissa, iliiga mwendo ambao watoto wa eneo lile walikuwa wameuzoea kwa vizazi. Wageni hupenda sana kupiga picha ngamia wale. Ila ngamia akishafika na masanduku, hema na mkeka, bado anahitajika mwalimu wa shule jirani aliyekwisha kuwaambia watoto kwamba Alhamisi wanakuja, na akabaki pale kuhesabu vitabu vinavyorudi. Bila mtu huyo hakuna maktaba, kuna ngamia tu mwenye mzigo.

Katika karne ya 20 mwenyeji mkubwa akawa dola, na wakati mwingine wapinzani wa dola. Mwanasiasa wa Kenya Tom Mboya alipoona serikali ya kikoloni haitawafungulia Wakenya nafasi za kutosha, aligeukia Marekani. Septemba 1959 ndege ya kwanza iliondoka Nairobi na wanafunzi 81. Huko Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier walitia saini zao kwenye barua ya kuomba michango. Mwaka 1960 mfuko wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Vijijini Kenya watu walichanga kwa karamu za chai na harambee ili kijana wao apate akiba ya kuanzia. Kufikia mwaka 1963 walikuwa wamekwenda takriban 800. Wengi hudhani baba yake Barack Obama alikuwa ndani ya ndege ile. Hakuwamo, alikwenda Hawaii kwa njia yake.

Wangari Maathai alikuwa miongoni mwa waliokwenda mwaka 1960, akasoma katika chuo cha watawa Wabenedikto huko Atchison, Kansas. Katika kumbukumbu zake anawasifu watawa wale kwa mapenzi makubwa. Anasimulia pia kwamba njiani, wakisafiri kwa basi, walisimama Indiana wanywe kitu baridi, wakaambiwa kwamba ndani ya mgahawa hawawezi kuketi, kinywaji wakanywee nje. Katika safari moja amekutana na wenyeji wa aina mbili, na wala hawakuwa wakijuana. Ufadhili hulipia tiketi na ada. Barabara iliyoko kati ya uwanja wa ndege na chuo haina mfadhili.

Na kulikuwa na jaribio letu wenyewe ambalo tumelisahau haraka mno. Mwaka 1963 Makerere, Nairobi na Dar es Salaam vikaunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Udaktari ulikuwa Kampala, uhandisi Nairobi, sheria Dar es Salaam, ambako kitivo kilianza mwaka 1961 na wanafunzi 14 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Kijana wa Kisumu aliyetaka sheria alishuka Dar, wa Mbeya aliyetaka udaktari akapanda Kampala, na kulala na kula kulikuwa juu ya serikali. Yoweri Museveni alisoma Dar kwa njia hiyo. Willy Mutunga, aliyekuja kuwa Jaji Mkuu wa Kenya mwaka 2011, alisomea sheria yake hapo hapo. Mwaka 1970 kila nchi ikachukua chuo chake, na hoja zilikuwa na mantiki: kila taifa lilitaka madaktari wake, wanasheria wake, majengo yake. Mwaka 2017 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza eneo moja la elimu ya juu, ili cheti cha nchi moja kitambuliwe na nyingine. Ni jambo jema. Limeunganisha makaratasi, mabweni bado ni ya kila nchi na upungufu wake.

Lakini uhamaji wenye watu wengi zaidi Tanzania hauvuki mpaka wowote. Tangu mpango wa maendeleo ya sekondari wa mwaka 2004, shule za kata zilijengwa ili mtoto asome karibu na kwao. Kata nyingine ni kubwa kuliko mtu wa mjini anavyodhani, na karibu ikawa kilomita 10 za kwenda na nyingine 10 za kurudi. Anayeweza hutembea. Anayeishi mjini hupanda daladala, ambako konda humwona denti wa nauli nafuu kuwa hasara na kumwacha kituoni. Asiyeweza kutembea wala hana gari hupanga chumba karibu na shule, kile wanachokiita geto: binti wa miaka 14 na wenzake wawili, jiko la mkaa, debe la unga kutoka nyumbani kila mwisho wa mwezi, na mwenye nyumba anayejua kwamba hakuna mtu mzima anayekuja jioni. Mwaka 2016 ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilifutwa. Kodi ya geto haikufutwa, kwa kuwa haikuwahi kuandikwa popote kama gharama ya elimu.

Mwenyeji wa asili wa mtoto huyo alikuwa shangazi au mjomba. Enzi za shule chache karibu kila aliyesoma alipitia sebule ya ndugu fulani, akateka maji, akalea watoto wa nyumba ile, akasemwa, akamaliza. Haikuwa pepo, mabinti hasa waligeuzwa watumishi. Lakini palikuwa na mtu aliyegundua kwamba leo hujarudi.

Kwa hayo ndiyo naipima teknolojia. Ahadi yake ni kwamba sasa hakuna haja ya yeyote kusafiri: elimu yenyewe ndiyo msafiri. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kilianza na posta na vitabu, na bado kimedumu. Sababu moja naiona katika vituo vyake vya mikoa: mwanafunzi wa Songea au Kigoma ana ofisi ya kwenda, mtu wa kumuuliza, chumba cha kufanyia mtihani. Kozi za bure za mtandaoni, zilizovuma sana mwaka 2012, hazikuwa na ofisi ya namna hiyo. Mamilioni walijiandikisha, na wengi mno wakaachia njiani bila mtu yeyote kuuliza wamekwenda wapi.

Halafu kuna swali la mwenyeji anayeondoka. Julai 2020, shule zikiwa zimefungwa kwa sababu ya korona, Kenya ikapata intaneti ya maputo yaliyoelea juu kabisa angani, mradi wa Loon wa kampuni mama ya Google pamoja na Telkom, uliofika Iten, Baringo, Nakuru na kwingineko. Januari 2021 wenye mradi wakatangaza kwamba hesabu hazilipi na wanaufunga. Sultani wa Mogadishu naye angeweza kuifunga nyumba yake, ila mgeni angejua mlango wa kwenda kulalamika.

Palipo na watu, teknolojia hiyo hiyo imezaa riwaq mpya. Kijana anayekwenda kusoma India, Uturuki au China leo huingizwa kwenye kundi la WhatsApp la wenzake kabla hajafunga begi. Humo huambiwa alete blanketi au asilete, dalali gani ni mwizi, nani atampokea uwanjani. Akimaliza mwaka, yeye ndiye anayejibu maswali ya wapya. Ni huiguan isiyo na paa. Kinachokosekana ni mikate: kundi halina shamba wala duka la kupangisha, na mwenzao akiugua huchangishana kwa simu mpaka wanachoka.

Na wanaohitaji zaidi hawamo katika kundi lolote. Zanzibar ina Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na wakfu za pwani zimelea misikiti, visima na vyuo kwa karne nyingi. Bara makanisa na halmashauri zina viwanja. Nyumba ya vitanda 30 na matroni mmoja karibu na shule ya kata, ikiendeshwa kwa kodi ya fremu tatu za maduka mbele yake, haihitaji mfadhili wa ng'ambo wala setilaiti. Nimewahi kulisema hili mbele ya watu wa halmashauri moja. Waliuliza itaingizwa kwenye kifungu gani cha bajeti, elimu au ustawi wa jamii, na kikao kikaahirishwa hadi lipatikane jibu.